Siku ya Kwanza Ndiyo Inayowaangusha Wazee: Ushauri kwa Wanaokwenda Hija kwa Miguu



Majina ya mahujaji wa Namugongo yanapoanza kuandikwa parokiani, hawakosekani wazee katika orodha ya wale wanaokwenda kwa miguu. Kuna wa miaka 60, kuna wa 65, na safari nyingine hujitokeza babu wa miaka 70 na zaidi ambaye ameweka nadhiri na hataki kusikia habari za basi. Baada ya hapo watoto wao huja hospitalini kunitafuta. “Nesi, tusaidie. Mwambie baba asiende.”

Mimi sipendi kumkataza mzee kwa sababu ya miaka yake peke yake. Nimewaona wazee wa miaka 72 waliozoea kulima na kwenda Misa kwa miguu, wakafika Namugongo na kurudi wakiwa na afya kuliko walivyoondoka. Nimewaona pia watu wa miaka 55, wa kukaa dukani mchana kutwa, waliorudishwa na gari kabla jua la siku ya kwanza halijazama. Hivyo swali la kumwuliza mzee siyo tu “Una miaka mingapi?” Swali ni “Siku ya kwanza utaitembeaje?”

Tuitazame safari yenyewe. Kwa sisi wa upande wa Kagera, kutoka mjini Bukoba hadi mpaka wa Mutukula ni kama kilomita 80. Kutoka Mutukula hadi Masaka ni kama 90, na kutoka Masaka hadi Kampala ni kama 130. Namugongo iko mbele ya Kampala tena, kilomita 12 au 15 hivi. Jumla ni kilomita zaidi ya 300. Mtu akisikia hesabu hiyo huogopa ile 300. Mimi naogopa kumi za mwanzo, ambazo mzee anazitembea kwa mwendo wa mjukuu wake.

Angalia jinsi siku hiyo inavyokwenda. Usiku wa kuamkia safari mzee hakulala, kwa furaha na kwa kuhangaikia mizigo. Asubuhi kuna Misa na baraka ya Baba Paroko, watu wanaaga, ngoma zinapigwa, nyimbo zinaimbwa, vijana wanashika msalaba na kuondoka mbio. Mwili wa mzee bado haujapata moto, lakini moyo umejaa shangwe, naye anaingia katikati ya kundi na kwenda nao. Hasikii maumivu. Hasikii kiu. Kutoka Bukoba barabara yenyewe inaanza kwa kupanda, maana mji uko chini kando ya ziwa na vijiji viko juu ya miinuko. Ikifika saa 4 jua limetoka, kundi linasimama kunywa chai, na mzee anapotaka kunyanyuka anagundua kwamba magoti hayamsikii. Madhara yamekwisha kufanyika, na bado hawajamaliza hata nusu ya siku.

Mwili wa mtu mzima una tofauti zake. Moyo wa mzee hauwezi kuongeza mapigo kama wa kijana. Jasho lake linachelewa kutoka, kwa hiyo joto linabaki ndani. Hisia ya kiu hupungua kadiri miaka inavyoongezeka. Mzee anaweza kuwa amekaukiwa maji mwilini na bado akakwambia kwa kweli kabisa kwamba hana kiu. Figo nazo haziwezi kubana maji kama zamani. Hayo siyo magonjwa, ni umri tu. Lakini yote manne yanakutana siku moja, na siku hiyo ni ya kwanza, wakati mwili haujapata nafasi ya kuzoea.

MWENDO WA SALAMU MARIA

Watu wananiuliza mzee atembee kwa mwendo gani. Saa ya mkononi haihitajiki. Tumia rozari. Ukiweza kusali Salamu Maria nzima kwa sauti, bila kukata katikati ili kuvuta pumzi, mwendo wako ni mzuri. Ukilazimika kusimama katikati ya sala ili upumue, unakwenda mbio, punguza. Mlimani, punguza tena mpaka sala irudi kuwa nzima. Mzee akiimba na vijana anaweza kudanganyika, kwa sababu katika wimbo kila mtu huvuta pumzi anapotaka na wengine wanaendelea. Upungufu wake hausikiki. Katika rozari ya peke yake unasikika.

Kwa mwendo huo mzee ataachwa nyuma. Aachwe. Ila asiachwe peke yake. Nawaomba viongozi wa hija wapange kundi dogo la wazee litakaloondoka kwanza, hata nusu saa kabla ya vijana, likiwa na vijana wawili wenye simu, maji na sanduku la huduma ya kwanza. Vijana watawakuta njiani, watawapita kwa nyimbo, na hakuna atakayeona haya. Mzee akiondoka nyuma ya vijana atawakimbiza. Akiondoka mbele yao atatembea.

Jambo la pili ni kuipunguza siku yenyewe. Kundi likipanga kilomita 30 kwa siku, wazee siku ya kwanza watembee 12, au 15 kwa waliofanya mazoezi vizuri. Zinazobaki wapande gari la mizigo, au walale karibu zaidi na kuondoka siku moja kabla ya wengine. Najua wapo watakaosema kwamba hiyo siyo hija ya kweli. Basi niwape mfano wa watu waliozoea hija za miguu kwa karne nyingi. Huko Hispania liko kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume, katika mji wa Santiago de Compostela. Mahujaji wengi huanzia mji mdogo wa Ufaransa uitwao Saint-Jean-Pied-de-Port, karibu kilomita 780 kutoka Santiago. Siku yao ya kwanza ni katika siku ngumu kuliko zote: wanaanza mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, wanapanda milima ya Pirenei hadi zaidi ya mita 1,400, halafu wanateremka mpaka Roncesvalles, upande wa Hispania. Yote hiyo ni kama kilomita 25. Wazee wenye busara hawaimalizi kwa siku moja. Wanalala Orisson, kwenye nyumba ya mahujaji iliyoko kilomita 8 tu tangu mwanzo, tena kilomita zenyewe za kupanda. Kesho yake wanaendelea. Siku nzima kwa kilomita 8! Lakini hao ndio unaowakuta Santiago wiki tano au sita baadaye.

MAJI, NA AIBU YA KUKOSA CHOO

Hapa nitasema wazi, maana ni jambo ambalo akina mama hawalisemi mbele ya wanaume. Bibi zetu wengi hawanywi maji njiani kwa makusudi. Siyo kwamba hawajui faida yake. Wanaogopa kubanwa na haja barabarani, mbele ya vijana, mahali pasipo na kichaka wala choo. Ndiyo maana kila mwaka namwuliza kiongozi wa hija swali moja kabla ya mengine yote: akina mama watajisaidia wapi? Kabla ya safari wapitie barabara, wazungumze na shule, parokia, vigango na zahanati zilizo njiani, wajue choo kiko wapi kila baada ya kilomita nne au tano, na watangaze kabla ya kuondoka. Bibi akijua kwamba baada ya saa moja atapata choo, atakunywa.

Anywe kiasi gani? Vikombe viwili nusu saa kabla ya kuondoka, kisha kikombe kimoja kila nusu saa ya mwendo, kidogo kidogo, asikie kiu asisikie. Asinywe lita nzima kwa mkupuo. Maji mengi mno kwa mara moja bila chumvi nayo yana hatari, hasa kwa wazee. Katika kila lita mbili au tatu za siku hiyo, lita moja iwe ya maji yenye chumvi na sukari: paketi ya ORS, au vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa. Vijiko viwe vya kusawazishwa, siyo vya kujaa. Anayepata maradhi ya moyo au ya figo na aliyeambiwa na daktari apunguze maji asifuate hesabu hii, aulize kwanza. Mwenye kisukari naye aulize kuhusu ile sukari.

Kipimo cha maji ni mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa mzito kama chai ya rangi, au mzee hajakojoa tangu alfajiri mpaka saa 8 mchana, akae kivulini, anywe, na siku hiyo asitembee tena.

Ondokeni saa 11 alfajiri, pumzikeni kuanzia saa 5 mpaka saa 9. Gizani tembeeni upande wa kulia wa barabara, mkitazamana na magari, mkiwa na nguo nyeupe na tochi mbele na nyuma ya kundi. Mwisho wa mwezi wa tano kwetu mvua huwa haijaisha vizuri, na jua linalotoka baada ya mvua ni kali kuliko watu wanavyodhani. Kofia ya ukingo mpana, au kanga kichwani.

DAWA: MSIACHE, NA MSIONGEZE

Nikitazama wagonjwa waliorudishwa kutoka hija, wengi hawakuumizwa na barabara bali na dawa.

Kuna wanaoacha dawa. Mzee ana shinikizo la damu na anatumia dawa ya kukojosha. Anajua ikimezwa asubuhi itamsumbua barabarani, basi siku ya safari anaiacha, na kesho yake, na keshokutwa. Shinikizo linapanda kimya kimya. Kuna wengine wanaimeza kama kawaida, lakini hawanywi maji, na jua linawakausha. Shinikizo linashuka mno, wanaponyanyuka kutoka kwenye mkeka wanaona giza na kuanguka. Makosa hayo mawili yanapingana, na dawa yake ni moja: wiki nne kabla ya safari mwone daktari au tabibu wako, mwambie unakwenda kutembea siku nyingi juani, akupangie saa na kiasi. Usijipangie mwenyewe. Na wakati wa kunyanyuka, kaa kwanza, vuta pumzi tano, ndipo usimame.

Jambo la kutisha zaidi linatokea jioni ya siku ya kwanza. Magoti yamevimba. Kijana mwenye huruma anakwenda duka la dawa, ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anampa babu. Babu anapata nafuu, anameza tena usiku, na tena asubuhi. Sasa sikilizeni vizuri. Mzee anayetumia dawa ya kukojosha pamoja na dawa kama enalaprili, kaptoprili au losartani, akikaukiwa maji kisha akaongezewa diklofenaki au ibuprofeni, figo zake zinaweza kusimama kufanya kazi kwa muda wa siku chache. Vitu hivyo vitatu pamoja, na ukavu juu yake, ni hatari kweli. Hata kwa asiye na shinikizo, dawa hizo huchubua tumbo na zinaweza kuleta vidonda vinavyotoa damu. Nimempokea baba mmoja, mkulima hodari wa miaka 68, aliyeletwa akiwa hajakojoa siku nzima. Alikuwa amemeza dawa za maumivu alizopewa na watu watatu tofauti, kila mmoja kwa upendo, hakuna aliyejua habari za mwenzake. Alipona, lakini hija yake iliishia wodini.

Maumivu ya siku ya kwanza, kwa mzee, tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500, kisha subiri saa 6 au zaidi. Kwa mzee, na hasa mwenye mwili mdogo, visizidi 6 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Nguo ya baridi juu ya goti, miguu iinuliwe juu ya mzigo, na usingizi. Sanduku la dawa la kundi lishikwe na mtu mmoja anayeandika kwenye daftari nani amepewa nini na saa ngapi. Na kila mzee awe na karatasi mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni: jina, umri, maradhi, dawa anazotumia, na namba ya simu ya nyumbani.

MWENYE KISUKARI, NA HABARI YA KUFUNGA

Kutembea muda mrefu hushusha sukari kwenye damu, na siku ya kwanza mwili unatumia sukari nyingi kuliko ulivyozoea. Mwenye kutumia insulini au glibenklamaidi yuko katika hatari ya sukari kushuka mno, siyo barabarani tu bali hata usiku akiwa amelala. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, ukali usio na sababu, maneno yasiyoeleweka. Watu wakimwona babu amekuwa mkali hudhani amechoka. Mpe haraka soda ya kawaida yenye sukari, nusu chupa, au vijiko vinne vya sukari katika maji. Baada ya robo saa mpe chakula. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na kimbizeni kituo cha afya. Kiasi cha dawa kwa siku za safari kipangwe na daktari kabla, na anayejidunga insulini asijidunge pajani asubuhi ya mwendo.

Hapa linakuja suala la kufunga. Wapo wazee wanaotaka kuitembea siku ya kwanza bila kula, kama malipizi. Wengine hawali chochote tangu usiku kwa ajili ya Komunyo ya asubuhi. Sheria ya Kanisa yenyewe ni nyepesi kuliko wanavyodhani. Kabla ya Komunyo ni saa moja tu ya kutokula, na maji na dawa hazihesabiwi. Tena wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaweza kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Na sheria ya kufunga haimbani tena mtu aliyeanza mwaka wake wa 60. Kwa hiyo bibi, kula uji wako kabla ya Misa. Ndizi, kiazi, yai, karanga mfukoni. Mwenye shaka amwulize Baba Paroko, naye atamwambia hivyo hivyo.

Na wapo wanaoficha maumivu kwa kusema kwamba Mashahidi waliteseka zaidi. Ni kweli. Mtakatifu Gonzaga Gonza aliumizwa miguu na pingu hata akashindwa kuendelea na njia, wakamwua pale Lubowa mwaka 1886. Lakini yeye hakupewa nafasi ya kukaa kivulini akavua viatu. Wewe umepewa.

MIGUU

Viatu vipya ni vya Misa, siyo vya hija. Vaa raba au viatu vya kufunga kamba ulivyovizoea kwa miezi miwili, vikubwa kidogo, maana mguu huvimba ukitembea. Kandambili ziwe za kuogea jioni. Soksi ziwe jozi tatu, safi, zisizo na mshono mkubwa, zikilowa badilisha. Kucha zikatwe moja kwa moja, siku nne au tano kabla, zisichimbwe pembeni. Asubuhi paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na kisiginoni.

Kabla ya lengelenge kutokea, mahali pale huchoma kama kaa la moto. Hapo hapo simama. Usisubiri kituo kinachofuata. Vua, kausha, bandika plasta, vaa soksi kavu. Dakika tano hizo zinaokoa siku tano. Lengelenge dogo liache, lifunike. Kubwa linaloumiza linaweza kutobolewa pembeni na muuguzi au mtu aliyefundishwa, kwa sindano safi ya hospitali, bila kuondoa ngozi ya juu. Mwenye kisukari asitoboe kabisa, na asisubiri maumivu yamwambie, kwa sababu miguu yake inaweza kuwa na ganzi. Yeye avue viatu kila mapumziko na mwenzake amtazame nyayo na katikati ya vidole. Baba na mama waliooana miaka arobaini hawawezi kushindwa kutazamana nyayo.

Watu huogopa kupanda. Magoti ya mzee huumizwa zaidi na kuteremka. Teremka kwa hatua fupi, goti likiwa limekunjwa kidogo, na fimbo mkononi. Fimbo nzuri hufika kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima na mkono umening’inia. Ishike kwa mkono ulio upande wa goti zima, siyo upande wa goti bovu. Watu wengi hukosea hapo. Mzigo wa mgongoni usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako; mzee wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 6, na kwa maoni yangu abebe maji, dawa, kanga na rozari tu, mengine yaende garini.

KABLA YA SIKU HIYO

Sitarefusha hapa. Anayetaka kutembea mwezi wa tano aanze mazoezi Kwaresima: nusu saa siku tatu kwa wiki, akiongeza kidogo kila wiki, mpaka wiki mbili kabla ya safari awe ametembea kilomita 10 kwa mara moja, na kesho yake akaweza kuamka na kutembea tena. Huyo kesho yake ndiye mtihani. Asiyeweza hilo apande basi, na hija yake ni hija.

Kuingia Uganda kunahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ipatikane siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka. Aliyekwisha kuchanjwa zamani na ana cheti chake haihitaji tena, inatosha kwa maisha yote. Lakini mwenye miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, kwa kuwa katika umri huo chanjo hiyo, mara chache, huleta madhara makubwa. Asiende kuipata mpakani siku ya mwisho. Chandarua msisahau.

SIMAMISHENI SAFARI

Dalili hizi hazisubiri kundi lipige kura: maumivu au uzito kifuani, hasa ukienda taya au mkono; kuhema hata baada ya kupumzika robo saa; kuzimia; upande mmoja wa mwili au mdomo kulegea; kuchanganyikiwa; ndama ya mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mwili ukiwa wa moto sana na mtu haelewi anachosema, hilo ni joto kali: mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha wakati gari linatafutwa. Gari lazima liwepo. Kundi lenye wazee lisiloweza kupata gari ndani ya nusu saa lisiondoke na wazee.

JIONI NA ASUBUHI INAYOFUATA

Mkifika mahali pa kulala, mzee asijitupe chini mara moja. Atembee polepole dakika tano, anywe, ale chakula chenye chumvi, aoshe miguu kwa maji ya kawaida kwa muda mfupi na kuikausha vizuri. Kuloweka miguu saa nzima kwenye maji ya moto kunalainisha ngozi na kesho itachubuka. Alale karibu na mlango na choo, tochi pembeni, maana wazee wengi huanguka usiku wakitafuta njia mahali wasipopazoea.

Asubuhi ya pili muulizeni mambo manne. Amekojoa usiku? Amelala? Anaweza kuvaa viatu vyake mwenyewe? Anaweza kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu? Misuli itauma, na mara nyingi huuma zaidi siku ya pili na ya tatu. Hiyo peke yake isiwatishe. Lakini jibu likiwa “hapana” kwa swali la kwanza, apelekwe zahanati akapimwe kabla ya jambo lolote. Likiwa “hapana” kwa mawili kati ya yaliyobaki, siku hiyo apande gari, na siku ya tatu aulizwe tena maswali yale yale.

Uamuzi huo asiachiwe mzee peke yake, kwa kuwa atasema yuko mzima. Mchagueni mtu mmoja kabla ya kuondoka, anayeheshimiwa naye, awe mwanawe, katekista au mzee mwenzake wa jumuiya, na mzee amwahidi mbele ya wengine kwamba huyo akisema “leo panda gari,” atapanda.